Usiing'arishe Shaba ya Kaisari

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza kambini kung'arisha shaba: vifungo vya sare, bizimu ya mkanda, beji ya kofia. Ni mazoea mema sana. Lakini juma lililopita alinijia mzee mmoja, afisa mstaafu aliyepata masomo katika Muungano wa Kisovyeti kabla haujavunjika mwaka 1991, akiwa na sarafu kubwa aliyopewa huko na mwenyeji wake. Alitaka kujua kama thamani yake yaweza kumsaidia karo ya mjukuu. Sarafu ilikuwa ikimeta kama kifungo cha gwaride, nami nikasikitika hata kabla ya kuipokea.

Ilikuwa ni kopeki 5 ya shaba nyekundu, ya mwaka 1763, enzi ya Malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Upande mmoja ana tai wa vichwa viwili, na upande wa pili ipo herufi ya jina la malkia chini ya taji, ndani ya shada la majani. Upana wake wapita sentimita 4, na uzito wake ni gramu 51 hivi.

Uzito huo ndio kiini cha habari. Warusi walipima shaba kwa pudi, ambayo ni kilo 16 na zaidi kidogo. Wakati wa Malkia Elizabeth, pudi moja ilitoa sarafu za jumla ya rubli 16. Vita vya Miaka Saba vikaikausha hazina. Elizabeth alipokufa, Kaisari Peter wa Tatu akatawala kwa miezi sita tu, na mwaka 1762 pudi ile ile ikaanza kutoa rubli 32. Haikuongezwa hata chembe ya shaba. Kopeki 5 ilirudishwa mtamboni, ikapigwa chapa mpya juu ya ile ya kwanza, ikatoka ikiitwa kopeki 10. Chapa yenyewe ilikuwa ya kijeshi, kwani Peter alipenda mno mambo ya gwaride: ngoma na bendera za vita. Mwenye kulipwa mshahara kwa fedha hiyo alihesabiwa tarakimu ile ile, huku mkononi akipokea nusu ya shaba.

Kati ya mwaka huo huo Catherine akampindua mumewe, kwa msaada wa vikosi vya walinzi, akaamuru sarafu zirudi katika kipimo cha zamani. Zikaingia mtamboni tena. Kwa hiyo kopeki 5 za miaka ile ya mwanzo zaweza kuwa zimebeba watawala watatu katika kipande kimoja: Elizabeth chini kabisa, ngoma za Peter katikati, Catherine juu. Mtambo haukufuta kila kitu. Ukiinamisha sarafu kwenye mwanga, waweza kuona ukingo wa ngoma chini ya bawa la tai. Mkusanyaji hutafuta alama hizo hasa.

Mzee wetu alikuwa amezisugua kwa dawa ya vifungo. Niliona mpindo mmoja hafifu, labda wa ngoma, mengine yalikwisha. Rangi ya kahawia iliyoifunika shaba kwa zaidi ya miaka 200 ndiyo iliyokuwa ikiilinda, na haiwezi kurudishwa kwa dawa yoyote.

Kuhusu bei sikumdanganya. Kopeki 5 za Catherine zilipigwa kwa wingi mno, hata wananchi wakataabika kuzibeba: rubli 100 zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, mzigo wa mkokoteni. Adha hiyo ilichangia serikali kuanza kutoa noti za karatasi mwaka 1769. Zilizo adimu kweli ni nyingine. Ziko zile bamba za mraba zilizotengenezwa Ekaterinburg kati ya mwaka 1725 na 1727, ambazo rubli yake ilikuwa na kilo 1.6. Iko pia rubli ya mviringo ya Sestroretsk, ya mwaka 1770 na 1771, nene kama kipande cha gogo, yenye uzito wa karibu kilo moja. Hii haikupata kutumika sokoni, na nyingi zinazoonekana zilipigwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. (Mimi sijawahi kuishika hata moja, wala sitarajii.)

Msomaji mwenye sarafu ya namna hii aanze na mizani, kisha atazame ukingo: wa Catherine una mistari iliyopishana kama wavu. Asiiamini tarehe upesi. Catherine alijaribu tena kuongeza thamani maradufu mwaka 1796, akafa mwaka ule ule. Mwanawe Paul akazirudisha tena kwa kutumia chapa za zamani zenye tarehe za nyuma. Na atazame taji vizuri. Katika vita vya mwaka 1788 hadi 1790, Waswidi walitumia kopeki 5 za Urusi walizozighushi wenyewe huko Avesta, shaba nzuri kabisa, lakini wachongaji wao wakaweka taji la umbo la Kiswidi! Leo sarafu hizo bandia hutafutwa kuliko zile halali.

Mzee alinisikiliza kimya. Nikampa bahasha ya karatasi kavu, nikamwomba aishike kwa ukingo tu, asiiweke katika mfuko wa plastiki penye joto. Akauliza kama ataiuza. Nikamjibu kwamba fedha yake haitafika hata ada ya muhula mmoja. Akaiinamisha dirishani muda mrefu, akiutafuta ule mpindo wa ngoma, kisha akasema atamwonyesha mjukuu.