Baharia Hakubebwa na Upepo

Imeandikwa kwamba baharia wa jahazi katika pwani ya Malindi na Kilifi alikula raha: kaskazi ilimleta, kusi ikamrudisha, na katikati yake akapumzika bandarini. Napinga. Upepo hausukumi chombo kisichotunzwa. Kilipopwelewa, hao wanaodaiwa kupumzika walikwangua mbavu zake, wakakalafati nyufa kwa pamba, wakapaka chini deheni ya chokaa na shahamu, na juu sifa, yale mafuta ya papa yenye uvundo. Safarini walifua maji ngamani, na tanga lilipogeuzwa, foromali nzito ilizungushwa mlingotini kwa mikono yao.

Atasema mwenye hoja kwamba walipata sehemu ya faida, hivyo walikuwa washirika. Sehemu ilikuwepo, lakini ilihesabiwa baada ya gharama, na wengi walikuwa wameshakopa. Alan Villiers, aliyesafiri na chombo cha Kuwait mwaka 1938 hadi 1939 kupitia Lamu, Mombasa na Rufiji, aliwakuta mabaharia wakidaiwa na nahodha, naye nahodha akidaiwa na tajiri. Deni hilo ndilo lililowarudisha wengi chomboni msimu uliofuata.