Mtihani Usiwe Mizani Pekee ya Kuingia Chuo cha Biashara

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wengi huanza kuwania nafasi katika vyuo vya biashara: Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo cha Usimamizi wa Fedha na vinginevyo. Tabora, mji wa shule tangu enzi ya mkoloni, hutoa sehemu yake ya waombaji hao. Lakini swali la msingi halijajadiliwa vya kutosha. Mtihani wa kuingilia unapima nini, nao unamwacha nani nje?

Swali hilo lina mahali pake Tabora. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Wanyamwezi, ambao mwanzoni mwa karne hiyo walikwisha kufika pwani kwa misafara yao wenyewe, walikuwa na njia yao ya kumpima mtu wa biashara. Wasafiri wa wakati huo waliandika kwamba watoto walizoezwa kubeba vipembe vidogo vya ndovu, na kwamba kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua maji yalipo, kiasi cha hongo kwa mtemi, na thamani ya merikani na kaniki kutoka nchi moja hadi nyingine. Njia hiyo haipaswi kupambwa, kwani ilipitisha pia watumwa na dhuluma nyingi. Hata hivyo inathibitisha jambo moja: elimu ya biashara ilikuwako, na ilipimwa kwa kazi.

Leo iko mizani ya namna tatu inayofaa kulinganishwa.

Ya kwanza ni mtihani wa taifa. Ili kuingia shahada ya kwanza, mwanafunzi wa Kidato cha Sita hutakiwa angalau alama kuu mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4.0, na vyuo huongeza masharti yao. Sifa ya mizani hii ni usawa. Mtoto wa mkulima wa Sikonge na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam hujibu karatasi moja, nayo husahihishwa bila kutazama jina. Upungufu wake ni kwamba hupima yale yaliyofundishwa darasani, tena kwa Kiingereza. Shule yenye walimu pungufu wa hesabu humwadhibu mwanafunzi kwa kosa lisilo lake.

Ya pili ni ile ya Azimio la Musoma. Mwezi wa Novemba 1974 TANU iliamua kwamba kijana asiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Alitakiwa kwanza kufanya kazi, kisha apate ushuhuda wa mwajiri na wa tawi la Chama. Shabaha ilikuwa njema, yaani kuua kasumba ya kudhani kwamba cheti ni tiketi ya kujitenga na umma. Lakini ushuhuda ulimpa mkubwa wa kazi madaraka makubwa juu ya maisha ya mdogo wake, na idadi ya wanawake waliojiunga ilipungua hata ikabidi sharti hilo lilegezwe kwao. Baadaye utaratibu wote uliachwa.

Ya tatu hutoka Marekani. Mtihani uitwao GMAT, ulioanza mwaka 1953, hutumiwa na shule nyingi za biashara duniani kuchagua wanafunzi wa shahada ya uzamili. Kwa muda wa saa mbili na robo hupima hesabu, ufahamu wa lugha na uchambuzi wa takwimu. Hapana shaka kwamba hupima wepesi wa akili. Lakini ada yake hupita dola 250, na lugha yake ni Kiingereza. Kwa mwalimu wa Urambo, ada hiyo peke yake ni ukuta.

Sasa na atazamwe katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa tumbaku. Kwa miaka kumi amesimamia upimaji wa marobota kwa madaraja yake, amekokotoa malipo kutoka bei iliyopangwa kwa dola, amekata mikopo ya pembejeo, na amesimama mbele ya wakulima wenye hasira kuwaeleza hesabu zao. Mizani ya kwanza haimwoni, kwa kuwa alimaliza Kidato cha Nne tu. Chuo kikimkosa mtu huyu, hasara si yake peke yake. Ushirika hubaki na vitabu visivyokaguliwa vizuri, na mkulima ndiye hulipa.

Watasema wengine kwamba uzoefu hughushiwa na barua za ushuhuda hununuliwa. Ni kweli, na Musoma ilifundisha hivyo. Jibu lake ni kupima uzoefu wenyewe badala ya kupima barua. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2005, inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mwombaji huleta vielelezo vya kazi aliyoifanya, kisha hufanyiwa mtihani. Humo usawa wa mizani ya kwanza na hekima ya mizani ya pili vimekutana. Utaratibu huo hauna budi kufahamika Kaliua na Sikonge kama unavyofahamika Dar es Salaam, na maafisa utumishi na walimu wakuu ndio wanaoweza kuufikisha huko.

Mambo mawili zaidi yafaa yafikiriwe. Maswali ya vyuo vya biashara yatoke katika biashara ya nchi hii: stakabadhi za ghala, vitabu vya ushirika, nauli ya reli ya kati. Na mwombaji mwenye umri mkubwa aruhusiwe kuonyesha akili yake kwa Kiswahili, kwani hesabu sahihi ni sahihi kwa lugha yoyote.

Mtihani usifutwe, kwa maana ndio ngao ya mnyonge dhidi ya upendeleo. Lakini ngao si mizani. Taifa linalotaka mameneja waaminifu wa mali ya umma halina budi kuwapima watu kwa kalamu na kwa kazi pia.