Nani Alipie Nguzo ya Mwisho?

Katika wilaya ya Chienge, kaskazini mwa mkoa wa Luapula nchini Zambia, samaki wa ziwa Mweru hawamngoji mtu. Wavuvi warudipo alfajiri, akina mama wa mialoni huwa na saa chache tu za kuamua ni samaki gani wauzwe wabichi, ni gani wabanikwe na ni gani waanikwe. Dagaa wa huko, waitwao chisense, huanikwa juani. Mvua ikinyesha ghafla, jasho la usiku mzima huoza. Barafu ingeokoa sehemu kubwa ya mali hiyo, na barafu ni umeme. Kwa hiyo swali la nani alipie nyaya za umeme, ambalo mara nyingi huachiwa wahandisi na mawaziri, ni swali la jikoni na la kapu la mama.

Chienge iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Lusaka, na umbali huo una historia yake. Njia kuu za umeme wa Zambia zilichorwa kwa ajili ya shaba. Katikati ya miaka ya 1950 migodi ilivutiwa umeme kutoka Katanga. Na bwawa la Kariba lilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1959, nyaya za kilovolti 330 zilielekezwa kwenye migodi hiyo hiyo. Vijiji vya kando ya ziwa havikuwamo katika hesabu. Hata hivyo, mto Kalungwishi, wenye maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume, humwaga maji yake katika ziwa Mweru. Penye miti hapana wajenzi.

Tabu ya njia ya umeme ni kwamba gharama yake kubwa hutangulia na faida yake hufuata polepole. Ikiwa kila mtu atalipia nguzo zinazomfikia, mwombaji wa kwanza kijijini atatwishwa mzigo wa njia nzima, na majirani watakaomfuata wataunga kwa bei ndogo. Nani basi atakubali kuwa wa kwanza? Ikiwa wote watalipa sawa, mkazi wa mjini atauliza kwa nini amlipie mtu asiyemjua. Na ikiwa mzigo utaachiwa hazina ya Serikali, nguzo zitashindana na dawa na madawati. Hakuna hesabu ya kihandisi inayoweza kumaliza ubishi huo, maana ni ubishi juu ya haki.

Zambia ilichagua kuchangiana. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa umeme vijijini, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda mamlaka ya kuusimamia. Mpango mkuu uliofuata ulilenga kuzitoa kaya za vijijini zenye umeme kutoka kiasi cha asilimia 3 mwaka 2006 hadi asilimia 51 ifikapo mwaka 2030. Tanzania nayo ilifuata njia ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2005. Mwananchi anunuapo umeme wa LUKU, asilimia 3 huenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 kwa EWURA. Januari 2022, ada ya kuunganishiwa umeme mijini ilipopandishwa hadi shilingi 320,960 kwa aliye karibu na nguzo, vijijini ilibaki shilingi 27,000. Tofauti hiyo si zawadi. Ni sehemu ya nguzo ambayo wengine wamekwisha kuilipia, shilingi kwa shilingi, kupitia stakabadhi zao.

Lakini kuchangia ni jambo moja, na kuamua ni jingine. Machi 31, 2020, mkataba kati ya shirika la ZESCO na kampuni ya Copperbelt Energy Corporation, yenye nyaya zinazopeleka umeme migodini, ulifikia mwisho. Mei mwaka huo Serikali ya Zambia ilizitangaza nyaya hizo kuwa njia ya wote, na Bodi ya Kudhibiti Nishati ikapanga ada ya kuzipitia. Kampuni ilikwenda mahakamani. Mkataba mpya ulipatikana mwaka 2022. Kiini cha mzozo kilikuwa ada: ikiwa ndogo mno, mwenye nyaya hukosa fedha za kuzitunza, ikiwa kubwa mno, kila anayetumia umeme huubeba mzigo.

Tangu mwaka 2024 Zambia imefungua njia zake ili wauzaji na wanunuzi mbalimbali wazitumie. Hatua hiyo ina faida, hasa baada ya ukame wa mwaka huo kuidhoofisha Kariba na kuliacha taifa gizani kwa saa nyingi. Hata hivyo yafaa iangaliwe kwa makini. Wanunuzi wakubwa wakijitafutia umeme wao bila kuchangia njia za mbali, gharama za njia hizo hazitaondoka pamoja nao. Zitabaki kwa wadogo.

Wapangaji nao wana la kujifunza mwaloni. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi katika ziwa Mweru hufungwa ili samaki wazaliane. Atakayepima mahitaji ya umeme ya Chienge katika miezi hiyo ataandika kwamba watu hawana haja nao. Aje Aprili, aone mitumbwi ikishusha samaki na akina mama wakitazama mawingu.

Kwa sababu hiyo haitoshi mipango ya nyaya kutangazwa baada ya kuamuliwa. Bodi za udhibiti ziitishe mikutano ya hadhara hata mikoani, kwa lugha inayoeleweka, na ziseme wazi tozo ya mwaka imekusanya kiasi gani na imesimamisha nguzo wapi. Wananchi nao, wanawake kwa wanaume, wahudhurie na stakabadhi zao mkononi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye kuijaza ana haki ya kuuliza kibaba kimepelekwa wapi.