Ukinunua presi, angalia fremu kabla ya tani

Kila msimu wa pamba ukifika napata swali hili: "Bwana shamba, nikiuza pamba ninunue presi ya tani ngapi ya kutengenezea toyo na pikipiki nyumbani?"

Wapo watakaosema mambo ya gereji hayamhusu afisa ugani. Lakini toyo ikilala njiani na magunia ya mpunga, hasara ni ya mkulima.

Kwanza, presi ina faida kweli. Sisi tumezoea kuingiza beringi kwa nyundo na kipande cha bomba. Ukigonga vibaya, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia yake. Beringi mpya inaanza kunguruma, na baada ya siku chache unanunua nyingine. Presi inasukuma polepole na kwa usawa. Hata hivyo kanuni ibaki ileile: beringi ikiingia kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani, ikiingia kwenye habu, sukuma ringi ya nje.

Sasa tani. Maoni yangu ni kwamba tunakosea tunapouliza tani kwanza. Jeki ikisukuma chini kwa tani 10, boriti ya juu nayo inasukumwa juu kwa tani 10 zilezile. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye jeki haikwambii kama fremu inaweza kubeba mzigo huo. Jeki ya tani 20 kwenye fremu dhaifu ni hatari kuliko ya tani 12 kwenye fremu imara. Kwa pikipiki na toyo, tani 12 zinatosha. Mwenye pawatila, tela au gari afikirie 20.

Dukani fanya hivi:

1. Nenda na futi. Pima habu na shafti unazotengeneza, uone kama zinapita kati ya nguzo mbili.
2. Angalia boriti ya juu na maungio yake. Pini zinazobeba meza ziwe nene, zipite nguzo zote mbili, na matundu yawe sawa ili meza isikae upande.
3. Omba ijaribiwe. Waweke kipande cha chuma, wapampu mpaka ikaze, kisha msubiri kidogo. Jeki ikishuka yenyewe, ikilowa oili, au boriti ikipinda, iache.
4. Vile vibao vya kuwekea kazi viwe vya chuma cha kawaida. Vya chuma cha kumimina vinaweza kupasuka ghafla na vipande vikaruka.

Najua wengi mtasema, "Jeki ya gari ninayo, na fundi wa kuchomelea ni jirani." Siwadharau mafundi wetu, wapo wanaoijua kazi hiyo. Ila fremu ya bomba la maji na vyuma chakavu siikubali. Kama ni lazima itengenezwe hapa kijijini, tumia chaneli nene, boriti ishikwe kwa bolti pamoja na kuchomelea, na jeki isimame wima, kwa sababu nyingi hazipampu zikigeuzwa kichwa chini. Kabla ya kuanza, pita ofisi ya SIDO Shinyanga ukaombe ushauri.

Pesa ikiwa pungufu, usikimbilie ya bei rahisi. Changeni majirani wanne au kikundi chenu, mnunue moja imara, na wa nje walipie kila wanapoitumia. Beringi hazibadilishwi kila siku. Presi ya mtu mmoja itashinda imefunikwa turubai.

Mwisho, simama pembeni ya presi, usisimame mbele yake. Vaa miwani, na watoto wakae mbali. Chuma kikikataa kutoka, acha kupampu, utafute kinachokizuia. Mara nyingi ni kiringi kidogo ulichosahau kukitoa.

Mwenye swali anikute ofisi ya kata, Samuye.