Ombaomba wa London Walipofika Bangui

Januari 1728, John Gay alipandisha jukwaani London mchezo uliojaa wezi, makahaba na askari jela wala rushwa, na katikati yao mzee Peachum, mnunuzi wa mali za wizi anayewapeleka wezi wake mwenyewe kitanzini mara tu wanapoacha kumletea faida. Gay hakuagiza muziki mpya. Alichukua mahadhi yaliyokuwa yakiimbwa mitaani, akayatilia maneno yake. Miaka 200 baadaye, Agosti 1928, Bertolt Brecht na mwanamuziki Kurt Weill wakaugeuza mchezo huo kwa ajili ya Berlin, wakisaidiwa na tafsiri ya Elisabeth Hauptmann. Desemba 1977 Wole Soyinka akaufikisha Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, kwa jina la *Opera Wonyosi*.

Nasaba hiyo ina uzito katika mjadala unaorudi kila mara kikundi cha Kiafrika kinapoigiza mchezo wa Ulaya. Wapo wanaosema tumechoka kuvaa nguo za wengine. Wapo wanaojibu kwamba sanaa ni ya dunia nzima na haina mipaka. Mimi sioni kama swali la haki ya kuazima linatufikisha popote. Brecht naye aliazima, na Gay kabla yake aliokota nyimbo barabarani. La kuuliza ni kama mchezo, ukishafika kwetu, unamgusa anayestahili kuguswa, na kama walioumizwa naye wamo ukumbini.

Soyinka alielewa nusu ya kwanza ya swali hilo kuliko mwandishi yeyote ninayemjua. Hakuwapeleka wahusika Lagos. Aliwaweka Bangui, katika mtaa wa Wanigeria waliohamia Jamhuri ya Afrika ya Kati, siku chache kabla ya Jean-Bédel Bokassa kujivika taji la ufalme. Brecht alikuwa ameweka sherehe ya kutawazwa malkia London, na Peachum wake, ambaye sasa ni tajiri wa ombaomba, anatishia kuwamwaga kwenye msafara. Soyinka hakuhitaji kubuni sherehe. Tarehe 4 Desemba 1977 Bokassa alitawazwa kweli, akiiga kutawazwa kwa Napoleon, juu ya kiti cha enzi chenye umbo la tai wa dhahabu, kwa gharama ambayo sehemu yake kubwa ilibebwa na Ufaransa, katika nchi ambayo ni miongoni mwa maskini kabisa duniani. Mwezi huohuo watazamaji wa Ife wakamwona jukwaani akiitwa Boky.

Lakini ustadi wa Soyinka unaonekana zaidi mahali padogo, katika ofisi ya Chifu Anikura, ambaye ndiye Peachum wa Kinaijeria. Kwa Brecht, mzee huyo ana orodha ya aina za taabu, na kila ombaomba anayeajiriwa hupewa vazi na kilema cha kuigiza. Soyinka ameubakiza mfupa wa onyesho hilo na kubadili nyama yote. Miongoni mwa vilema vya Anikura yumo mtu ambaye kifua chake kimeharibiwa na saruji. Mnigeria wa mwaka 1977 hakuhitaji maelezo. Miaka miwili tu kabla, bandari ya Lagos ilikuwa imezibwa na mamia ya meli zilizosheheni saruji, baada ya serikali ya kijeshi kuagiza takriban tani milioni 20, kiasi ambacho gati zake zisingeweza kukipakua hata kwa miaka mingi. Kuna watu waliotajirika kwa meli kusimama tu majini. Wonyosi lenyewe lilikuwa jina la lesi ya bei mbaya waliyoshindania kuivaa matajiri wa enzi hizo za mafuta, kitambaa chenye matundu kilichouzwa kwa fedha ambayo ingemlisha maskini kwa muda mrefu.

Kuutohoa mchezo ni kuitafuta sababu ya jeraha upya. Vikundi vingi huishia kwenye maleba: kitenge badala ya koti, ngoma badala ya fidla, majina mawili matatu yamebadilishwa, na kisa kinaendelea kudai kisasi cha mji ambao hakuna mtazamaji aliyewahi kuishi. Michezo ya nyimbo kutoka Ulaya na Marekani huletwa Nairobi na miji mingine yetu hivyohivyo, huimbwa kwa ufundi mkubwa, na watu hutoka wakisifu sauti. Sauti zinastahili sifa. Ila hakuna aliyeondoka na wasiwasi.

Mwisho wa *Opera Wonyosi* nao umefikiriwa. Kwa Gay, jambazi Macheath anaokolewa kwa sababu watazamaji wa opera wanataka furaha. Kwa Brecht, mjumbe wa malkia anafika juu ya farasi akiwa na msamaha, cheo na pensheni, na sote tunajua ni kejeli. Kwa Soyinka, msamaha unatoka kwa mfalme anayesherehekea taji lake. Nigeria ilikuwa imezoea kuona majambazi wakipigwa risasi hadharani, kwenye ufuko wa Bar Beach, Lagos, tangu 1971, umati ukienda kutazama. Walipigwa wadogo. Kumtoa mwizi mkubwa mikononi mwa kikosi cha risasi kwa amri ya mwizi mkubwa zaidi lilikuwa jambo ambalo mtazamaji angeweza kulisoma gazetini.

Hata hivyo Bangui imemgharimu Soyinka. Kila Boky anapoingia, mchezo unalegea. Dikteta mwenye vichekesho vingi huwavuta watu wacheke kuelekea nchi jirani, na jenerali wa nyumbani anapata kivuli. Soyinka alilirudia kosa hilo kwa makusudi katika *A Play of Giants*, iliyochapishwa 1984, ambamo anawakusanya mahali pamoja wababe waliofinyangwa kwa sura za Bokassa, Mobutu, Nguema na Idi Amin. Sisi wa Afrika Mashariki tulioishi jirani na Amin tunajua jinsi kumchekesha mtu kama yule kunavyoweza kuwafunika waliokuwa wakimpa silaha na mikopo.

Wahakiki wa mrengo wa kushoto, Biodun Jeyifo akiwa mbele yao, walilalamika kwamba *Opera Wonyosi* inaonyesha uozo bila kuonyesha ni tabaka lipi linaupanda na kuuvuna. Soyinka aliwajibu katika utangulizi wa kitabu kwamba kazi yake ni kuufunua uozo huo, na wenye nadharia wafanye uchambuzi wao. Hapo nasimama na Soyinka. Mchezo unaomwonyesha ombaomba akiajiriwa, akivishwa na kunyonywa na tajiri wa ombaomba umeshasema habari za matabaka kwa uwazi kuliko hotuba. Tatizo lilikuwa ukumbi. Mchezo huu ulitungwa kwa Kiingereza, ukaonyeshwa chuoni wakati wa mahafali, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa njiani kwenda kuivaa hiyo lesi. Berlin ya 1928 nayo iliushangilia mchezo wa Brecht, na matajiri waliokejeliwa wakaimba nyimbo zake majumbani.

Mwaka huohuo wa 1977, Oktoba, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na vibarua waliigiza *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kigikuyu, katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao, wakiimba nyimbo walizozijua tangu utoto. Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mchezo ule haukuazima kisa cha Ulaya, lakini katika jambo moja unafanana na Gay kuliko unavyofanana naye mchezo wa Soyinka: muziki ulikuwa tayari midomoni mwa watazamaji.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba dawa ni kuacha kuazima. Julius Nyerere alipotafsiri *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, aliiacha Roma iwe Roma na Venisi iwe Venisi, kwa kuwa alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mzigo wowote. Kilibeba. Kazi hiyo imekwisha, na mchezo wa ombaomba unadai kazi nyingine.

Natamani mtu autunge kwa Kiswahili. Autoe Bangui na autoe London, aweke bandari tunayoijua na kashfa ambayo kesi yake iliahirishwa mpaka ikasahaulika. Achukue mahadhi ya taarabu, ya mchiriku na ya kwaya, yale ambayo watu huyaitikia harusini kabla mwimbaji hajamaliza ubeti, ayatilie maneno ya Peachum. Na auigize kwanza kwenye uwanja wa stendi ya mabasi, siku ya kazi, wachuuzi na makondakta wakiwapo, ndipo aupeleke chuo kikuu.