Kujitolea si Kunyonywa

Mwandishi mmoja anadai kwamba mwanafunzi wa chuo anayejitolea kuhudumia kompyuta za Linux ananyonywa, na kwamba heri asome programu zinazouzwa madukani. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Ungefungwa, wanamradi wangemwomba nani ruhusa?

Mpeni kijana wa mji wa Nchelenge kompyuta kuukuu ya shule, aweke Linux ya Debian, printa igome, afungue kumbukumbu za mfumo kwenye /var/log asome kosa mstari kwa mstari. Hapo ndipo anapojifunza kazi. Unyonyaji upo pale anapoachwa bila msimamizi. Basi tudai msimamizi, na nauli ya kijana ilipwe.