Kiwango cha fedha mpakani kijulikane, na anayekataa awajibike

Ofisa wa mpaka katika uwanja wowote wa ndege wa eneo la Schengen ana mamlaka ya kumuuliza msafiri mwenye viza halali ana fedha kiasi gani, na kumrudisha alikotoka asiporidhika na jibu. Mamlaka hayo yamo katika Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Mipaka ya Schengen ya mwaka 2016. Wasafiri wa Afrika Mashariki wanayafahamu, kwa kuwa huulizwa swali hilohilo mara mbili: kwanza wanapoomba viza Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kisha kwenye dirisha la uhamiaji baada ya kushuka kwenye ndege.

Haki ya nchi kutaka kujua mgeni wake atajikimu vipi haina ubishi. Sheria za uhamiaji za nchi zetu nazo zinamruhusu ofisa kumzuia mgeni asiye na uwezo wa kujitunza. Kinachostahili kulaumiwa ni jinsi sharti hili linavyotekelezwa: halina kipimo kimoja, anayekataliwa hapewi maelezo ya kutosha, na uamuzi unapokuwa mbovu hakuna anayeubeba isipokuwa msafiri mwenyewe.

Viwango vyenyewe vinathibitisha hilo. Hispania hudai kwa kila siku ya safari asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi, na jumla yake haitakiwi kupungua asilimia 90 ya mshahara huo hata kama mgeni anakaa siku mbili. Kwa kima cha mwaka 2025, ambacho ni euro 1,184, hiyo ni euro 118.40 kwa siku na si chini ya euro 1,065.60 kwa safari nzima. Ujerumani hutaja euro 45 kwa siku kama mwongozo tu, ikieleza kwamba kila msafiri huangaliwa kivyake. Ufaransa hutaka euro 65 kwa mwenye nafasi hotelini na 120 kwa asiye nayo. Ubelgiji ni euro 95 kwa anayelala hotelini na 45 kwa anayekaribishwa nyumbani kwa mtu. Italia bado inafuata jedwali la mwaka 2000, lililopangwa enzi za lira, ambalo linamtaka msafiri wa peke yake awe na euro 269.60 kwa safari isiyozidi siku tano.

Nchi zote hizo zimo katika eneo moja lisilo na ukaguzi wa kawaida wa mipaka ya ndani. Aliyeingia kupitia Frankfurt anaweza kupanda treni hadi Paris na kushukia Barcelona, na kwa kawaida hakuna kituo cha uhamiaji kinachomsubiri njiani. Akiingilia Madrid, mtu huyohuyo mwenye fedha zilezile anaweza kuonekana hana uwezo. Hoja ya kumkinga mwenyeji asibebeshwe gharama za mgeni haiwezi kusimama mahali ambapo kipimo hubadilika kulingana na mlango uliotumika kuingia.

Kanuni yenyewe, kwa kweli, ni ya busara kuliko utekelezaji wake. Inasema uwezo wa kujikimu upimwe kwa wastani wa bei za chakula na malazi ya gharama nafuu, mara idadi ya siku. Inakubali fedha taslimu na kadi za benki, na inatambua barua za udhamini za wenyeji pale sheria ya nchi husika inapoziruhusu. Kiwango cha chini cha Hispania, kisichojali kama mgeni anakaa siku mbili au nane, hakilingani na hesabu hiyo ya kuzidisha kwa siku. Tume ya Ulaya hupokea viwango hivi kutoka kwa nchi wanachama na kuvichapisha. Kazi yake haipaswi kuishia kwenye uchapishaji. Inao wajibu wa kuzihoji serikali ambazo hesabu zao zinakwenda kinyume na kanuni ziliyoipitisha pamoja.

Huku nyumbani mzigo mkubwa zaidi uko kwenye taarifa ya benki. Balozi hutaka mienendo ya akaunti ya miezi mitatu au zaidi, na mwombaji hupimwa kwa salio. Kipimo hicho kinamfaa mwajiriwa anayepokea mshahara kila tarehe ya mwisho wa mwezi. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba ambaye fedha zake ziko kwenye mzigo ulio baharini, kinatoa picha ya uongo. Kadhalika mkulima aliyevuna na kununua shamba jingine, na mwanachama wa kikoba au chama ambaye akiba yake imo mikononi mwa wenzake. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, sehemu kubwa ya fedha za watu wa ukanda huu imepita kwenye simu bila kugusa tawi la benki. Ofisa wa viza anayeona akaunti tulivu na kuamua kwamba mwenye nayo ni maskini anakuwa hajaangalia fedha zilipo.

Kipimo hiki kimezaa biashara haramu. Wako mawakala wanaomkopesha mwombaji salio: fedha huingizwa kwenye akaunti, taarifa huchapishwa, kisha fedha huondolewa pamoja na riba. Huo ni udanganyifu, na hauna utetezi. Anayenaswa hukataliwa viza, na kumbukumbu yake hubaki katika mfumo wa taarifa za viza wa Ulaya kwa miaka mitano. Balozi zinazijua njama hizi na ndiyo maana hutilia shaka kila kiasi kikubwa kilichoingia ghafla. Matokeo yake, aliyeuza kiwanja kihalali, aliyepokea zamu yake ya upatu au aliyepata mkopo wa Saccos huwekwa kundi moja na mdanganyifu. Vyombo vya usalama vya nchi zetu vimewaachia mawakala hao kwa muda mrefu mno. Wakamatwe na washtakiwe, kwa sababu wanaoumia ni waombaji wakweli waliosimama nyuma yao kwenye foleni.

Gharama ya kukataliwa nayo si ndogo. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024, na hairudishwi. Juu yake kuna malipo ya kituo cha kupokea maombi, bima ya safari, nauli ya kwenda mjini na siku za kazi zilizopotea. Anayekataliwa hupewa fomu yenye sababu zilizochapwa tayari, mojawapo ikiwa imetiwa alama. Anayezuiwa mpakani naye hupewa fomu ya aina hiyo, ambamo herufi G inasimamia upungufu wa fedha za kujikimu. Alama hiyo haimwelezi alitakiwa kuwa na kiasi gani, wala ni kipi kati ya alivyoonyesha kilichokataliwa. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo hakuambiwa ukubwa wake, na mahakama haiwezi kupima uamuzi usio na hesabu.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeligusa suala hili zaidi ya mara moja. Desemba 2013, katika shauri la mwombaji kutoka Iran aliyekataliwa viza na Ujerumani, ilitamka kwamba viza inaweza kukataliwa kwa sababu zilizoorodheshwa kisheria tu, ingawa iliwaachia maofisa uhuru mpana wa kupima ushahidi. Mwenendo wa shauri hilo unastahili kukumbukwa. Mara ya kwanza mwombaji aliambiwa hakuthibitisha uwezo wa kujikimu. Alipopinga, sababu ikageuka kuwa mashaka kama angerudi kwao. Hatari iko hapo hasa. Swali la fedha huulizwa kana kwamba ni la hesabu, kumbe nyuma yake kuna swali jingine ambalo mwombaji hakupewa nafasi ya kulijibu. Desemba 2017 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba nchi wanachama lazima zihakikishe anayekataliwa viza anaweza hatimaye kufika mbele ya mahakama.

Haki hiyo ipo kwenye karatasi na inazidi kuwa mbali na watu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani ilifuta duniani kote utaratibu uliomwezesha aliyekataliwa kuuandikia ubalozi bila malipo ili uamuzi uangaliwe upya. Kilichobaki ni kuomba viza upya kwa ada mpya, au kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin. Hakuna mkazi wa Mwanza au Eldoret atakayeshtaki Berlin kwa ajili ya safari ya wiki mbili. Kwa anayezuiwa uwanja wa ndege hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kanuni inasema rufaa haisimamishi uamuzi. Anarudishwa kwanza, na anadai haki yake akiwa kwao.

Ulaya si peke yake katika jambo hili. Mwaka 2024 Falme za Kiarabu zilianza kukazia sharti la dirham 3,000, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi kwa watalii, na wafanyabiashara wetu waendao Dubai wameliona. Thailand imeweka baht 20,000 kwa mtu mmoja na 40,000 kwa familia, na maofisa wake wanaweza kutaka noti zenyewe. Huo ni utaratibu mbaya, maana unamlazimisha mgeni kutembea na fedha za kuibiwa. Hata hivyo nchi hizo mbili zimefanya jambo moja ambalo Ulaya haijalifanya: zimetaja namba moja, inayojulikana kabla tiketi haijanunuliwa. Mtu anaweza kujipanga kwa namba. Hawezi kujipanga kwa maoni ya ofisa ambaye bado hajakutana naye.

Marekani imekwenda mbali zaidi, kutoka kuonyesha fedha hadi kuziweka rehani. Mpango wake wa dhamana ya viza ulioanza Agosti 2025 unamtaka mwombaji wa nchi zilizotajwa aweke dola 5,000, 10,000 au 15,000, zitakazorudishwa akiondoka kwa wakati. Tanzania iliingizwa katika mpango huo kuanzia tarehe 23 Oktoba 2025. Mali ilikuwa imepangiwa tarehe hiyohiyo. Serikali yake ilitangaza sharti sawa kwa Wamarekani, na ikaondolewa kwenye orodha.

Mfano wa Mali hautajwi hapa kama mwito wa kulipiza kisasi. Mtalii wa Ulaya anayekwenda Maasai Mara hulipia kibali cha kielektroniki kilichoanza Januari 2024 kwa dola 30. Anayekwenda Serengeti au Zanzibar hulipia viza ya dola 50. Hakuna anayemdai taarifa ya benki ya miezi mitatu, na haifai aanze kudaiwa, kwa kuwa ajira za maelfu ya watu wetu zinategemea ujio wake. Lakini ukarimu huo una thamani katika mazungumzo, na serikali zetu zinakaa mezani na Umoja wa Ulaya mara kwa mara kuhusu biashara, misaada, usalama wa baharini na urejeshaji wa wahamiaji. Suala la namna raia wao wanavyopimwa mifuko lazima liwe katika ajenda hizo, tena kwa maandishi.

Ulaya yenyewe imekwisha kuunganisha mambo haya. Kanuni yake ya viza inaruhusu kuzibana kiviza nchi zinazoonekana kutoshirikiana katika kuwapokea raia wao waliofukuzwa, na Gambia ilibanwa hivyo mwaka 2021. Serikali inayokwenda kwenye mazungumzo ya namna hiyo bila takwimu za malalamiko ya raia wake inakwenda mikono mitupu.

Hatua za kuchukua zinajulikana. Nchi za Schengen zikubaliane juu ya kiwango kimoja cha kila siku, au angalau kila moja ifuate hesabu iliyomo katika kanuni yao. Kila barua ya kukataa kwa sababu ya fedha iandike kiasi kilichotakiwa, kiasi kilichoonyeshwa na ushahidi uliokataliwa. Aliyekwisha kukaguliwa fedha zake na ubalozi asikaguliwe upya mpakani ila pale ofisa anapoweza kueleza kwa maandishi ni kitu gani kimebadilika tangu viza itolewe. Anayerudishwa kwa makosa alipwe nauli yake.

Kwa upande wetu, benki kuu za Afrika Mashariki zikae na kampuni za simu na kuweka taarifa ya miamala yenye namba ya uhakiki, ambayo ubalozi wowote unaweza kuithibitisha ndani ya dakika chache. Vyama vya akiba na mikopo vilivyosajiliwa vifanyiwe hivyo hivyo. Visingizio vya kuzikataa nyaraka hizi vitapungua sana zikiwa zinaweza kuhakikiwa. Balozi zetu zilizoko Ulaya nazo ziwe na namba ya simu inayopokewa usiku na mchana kwa ajili ya raia aliyezuiwa uwanjani, na ofisa mwenye jina anayewajibika kuandika taarifa ya kila tukio.

Kamati za mambo ya nje za mabunge ya Dodoma na Nairobi zina kazi ya haraka zaidi. Ziwaite mawaziri wahusika na kuwauliza ni raia wangapi waliorudishwa katika mwaka uliopita kwa madai ya kukosa fedha, katika viwanja vipi, na wizara ilimwandikia nani kuhusu hilo. Waziri asiyekuwa na idadi hiyo apewe tarehe ya kuileta, na tarehe yenyewe iwe kabla bajeti ya wizara yake haijapitishwa.